Org-drill, org-fc au anki-editor: ipi inafaa zaidi kwa kadi ndani ya Emacs?

Mwanafunzi_wa_Org
Wakuu habari zenu. Najifunza Kijerumani na maneno yote nayaandika kwenye faili moja la org (maandishi yenye vichwa, ndani ya kihariri cha Emacs), sasa hivi yamefika kama 600, na ninachotaka ni kuyarudia humo humo ndani ya Emacs kwa mtindo wa marudio ya vipindi, yaani neno ninalolijua linakaa mbali, ninalolisahau linarudi haraka. Nimetumia org-drill, kifurushi cha Emacs cha kurudia kadi, wiki 3. Kadi zangu ziko hivi:

```
* Neno :drill:
der Schlüssel
** Jibu
ufunguo
```

Inafanya kazi, ila kuna mambo mawili yananisumbua sana. La kwanza, ajenda yangu (orodha ya kazi za siku ya Emacs) imejaa maneno ya Kijerumani, nikiifungua asubuhi kuona kazi za siku nakutana na der Schlüssel na wenzake mia. La pili, kila kipindi kinakatika kabla sijamaliza. Sasa nasikia kuna vifurushi vingine, org-fc na anki-editor. Nihamie wapi au nibaki?

Kalamu_Nyeusi
Karibu mkuu. Kabla hujahama rekebisha hayo mawili kwanza maana yote ni seti (mipangilio) tu. Org-drill inaweka SCHEDULED (mstari wa tarehe) kwenye kila kadi, ndiyo maana ajenda inazisomba. Toa hilo faili kwenye org-agenda-files basi, org-drill yenyewe kwa kawaida inasoma faili ulilofungua, haihitaji ajenda kabisa.

Kukatika ni kwamba kiwango cha mwanzo ni kadi 30 au dakika 20, kinachotangulia ndicho kinachofunga kipindi. Weka hivi:

```
(setq org-drill-maximum-items-per-session 60)
(setq org-drill-maximum-duration 40)
(setq org-drill-add-random-noise-to-intervals-p t)
```

Huo mstari wa tatu usiuache, unachanganya kidogo siku za kurudi ili maneno uliyoyaingiza pamoja yasiendelee kurudi pamoja kila mara, maana hapo unaanza kukumbuka mfuatano badala ya neno. Na angalia tagi ya leech, kadi ukiikosea zaidi ya mara 15 org-drill inaibandika tagi hiyo na kuacha kukuonyesha, haisemi kitu. Maneno magumu kuliko yote ndiyo yanayopotea hivyo! Mimi natafuta hiyo tagi kila mwisho wa wiki naiandika kadi upya, mara nyingi kosa liko kwenye kadi, sio kichwani.

Bi_Msimbo
Nakubaliana na kaka hapo juu kuhusu seti, lakini kwa anayejifunza lugha mimi naona org-fc inashinda na nitasema kwa nini. Neno la lugha lina pande mbili. Ukiona der Schlüssel ukakumbuka ufunguo, hilo ni jepesi. Ukiambiwa ufunguo utoe der Schlüssel pamoja na hiyo der, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kwenye org-drill kuna kadi ya twosided lakini inachagua upande mmoja kwa bahati na ratiba ni moja kwa pande zote mbili, kwa hiyo ukipatia upande mwepesi mara tatu mfululizo kadi nzima inasukumwa mbele hata mwezi, na ule upande mgumu hujaugusa.

Org-fc ukitumia org-fc-type-double-init kila upande unapata mstari wake ndani ya droo (sehemu inayofichwa chini ya kichwa) inayoitwa REVIEW_DATA, na ease (kiwango cha urahisi) yake, interval (muda hadi kurudi) yake na tarehe yake. Kwangu das Schloss upande wa mbele uko miezi 2 mbele, upande wa nyuma bado unarudi kila baada ya siku 4, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Tena haitumii SCHEDULED kwa hiyo ajenda inabaki safi bila kufanya lolote. Kujipima ni herufi nne tu, a h g e (again, hard, good, easy), sio ile ya org-drill ya 0 mpaka 5 ambayo binafsi sikuwahi kujua 3 na 4 zinatofautianaje.

Ubaya wake ni kwamba inategemea programu ndogo za find, xargs na gawk kutafuta kadi zilizofika. Kwenye Linux hutaona shida, kwenye Windows utahangaika.

tumbili_wa_terminali
Mbona mnasahau simu? Mimi nilikaa na org-drill mwaka mzima na nilikuwa naruka siku kila nikiwa mbali na kompyuta, na kwenye marudio ya vipindi kuruka siku ndiyo sumu yenyewe, kadi zinalimbikizana ukirudi unakuta 300 unakata tamaa. Nikahamia anki-editor, inayopeleka kadi kwenye Anki, programu ya kadi iliyopo pia kwenye simu. Kadi naandika kwenye org kama kawaida, naweka ANKI_DECK na ANKI_NOTE_TYPE kwenye properties, Anki iwe imefunguliwa na ina plagini ya AnkiConnect (inasikiliza porti 8765), napiga M-x anki-editor-push-notes zinaenda zote. Marudio nafanya kwenye simu popote nilipo.

Faida nyingine ni FSRS, kanuni ya kupanga marudio, imo ndani ya Anki tangu toleo 23.10. Unaiambia unataka kukumbuka asilimia ngapi, ya kawaida ni 90, inapanga kutokana na historia yako mwenyewe. Usipandishe mpaka 95 kwa pupa, marudio ya kila siku yanaongezeka vibaya sana.

Angalizo moja nimelilipia, ukifuta hedingi (kichwa cha kadi) kwenye org, kadi ndani ya Anki haifutiki. Ipo anki-editor-delete-notes, itumie kabla hujafuta hedingi, kwa sababu ANKI_NOTE_ID ikishapotea hakuna tena kinachounganisha hivyo vitu viwili, utaitafuta kwa mkono.

Kalamu_Nyeusi
Hoja ya simu ni nzito, sina ubishi. Ila yeye amesema anataka kubaki ndani ya Emacs, na anki-editor ni ya kuandikia tu, kurudia unatoka nje.

Bi Msimbo swali, unatumia kompyuta ngapi? Mimi nina mbili na faili liko kwenye Git (mfumo wa kutunza na kulinganisha matoleo ya faili), nikirudia kadi kwenye zote mbili kabla ya kuvuta mabadiliko, droo zinagongana kila kadi.

Bi_Msimbo
Mbili pia, na org-fc ina tatizo hilo hilo kwa sababu ratiba iko ndani ya faili. Nimejiwekea sharti, kuvuta kabla ya kurudia, kusukuma mara nikimaliza. Siku nikisahau nachukua toleo la kompyuta moja zima, sijaribu kuunganisha droo moja moja.

Mwanafunzi_wa_Org
Asanteni sana jamani, ajenda imeshasafika. Simu kwangu sio lazima, ila hilo la pande mbili limenigusa kweli, upande wa nyuma niko hoi. Naenda org-fc, niko Linux. Historia ya wiki 3 itahama?

Bi_Msimbo
Haihami, org-fc haisomi zile DRILL_ properties. Na usizigeuze 600 zote kwa mkupuo, kila kadi mpya inahesabika imefika saa hiyo hiyo, na zikiwa za pande mbili ni marudio 1200 siku ya kwanza. Geuza 30 kwa siku, anza na zenye DRILL_FAILURE_COUNT (idadi ya mara ulizokosea) kubwa maana hizo ndizo zinazokuhitaji, zile rahisi ziache org-drill ikusaidie nazo mpaka zamu yake ifike. Ukigeuza kadi itoe tagi ya drill na mstari wa SCHEDULED hapo hapo, la sivyo itakuuliza kotekote.