Mche wa shampuu wa nyumbani: SCI, SLSa, SCS, au tubaki na sabuni ya kostiki? Tulinganishe

Zuhura_N

Habari zenu wakuu. Kwa miezi mitano nimekuwa nikiosha nywele kwa sabuni ya mche niliyoipika mwenyewe kwa mafuta ya nazi, mawese na nyonyo. Mwilini naipenda na sitaiacha. Kichwani ndiko inakonishinda: nywele zikikauka zinanata kama zimepakwa nta, na kitana kinatoka na utando mweupe. Maji yangu ni ya kisima, magumu, birika lenyewe limeota ukoko kwa ndani.

Nataka kuhamia kwenye mche usio na kostiki (ile soda kali ya kupikia sabuni), ule wa vitoa povu laini. Kila ninakopitia nakuta watu wamegawanyika. Wapo wanaotumia kitoa povu kiitwacho SCI peke yake, wapo wanaokichanganya na kingine kiitwacho SLSa, wapo wanaoshika cha tatu, SCS, kwa sababu ina povu jingi na haina usumbufu kuifanyia kazi, na wapo wanaoniambia nibaki na sabuni yangu, niongeze asidi ya sitiriki kwenye mapishi kisha nisuuze kwa siki. Nywele zangu ni ndefu, za mawimbi, kavu nchani, na ngozi ya kichwa inashika mba mara kwa mara. Mngekuwa ninyi mngeanza na ipi?

FundiKalibu

Nianze na hiyo ya mwisho, maana sabuni ya kostiki ndiyo kazi yangu na naithamini sana. Kwa maji magumu, usibaki nayo kichwani. Sabuni ni chumvi ya asidi za mafuta. Ikikutana na kalisi na magnesi zilizomo kwenye maji, inageuka kitu kisichoyeyuka, na huo ndio utando unaouona kwenye kitana. Mwilini unaondoka na taulo. Kwenye nywele unang'ang'ania.

Asidi ya sitiriki inaeleweka vibaya mno. Watu wanaamini inashusha pH (kipimo cha uasidi) ya sabuni, kumbe inachofanya ni kula kostiki: gramu 10 za asidi zinameza takriban gramu 6.2 za kostiki, na usipoziongeza kwenye hesabu mafuta mengi yatabaki hayajageuka sabuni. Kinachozaliwa ni sitireti ya sodiamu, ambayo hukamata sehemu ya kalisi, kwa hiyo utando unapungua kidogo. Lakini sabuni inabaki na pH ya 9 hadi 10. Ukilazimisha kuishusha zaidi inavunjika na kurudi kuwa asidi za mafuta, unabaki na bonge lisilotoa povu.

Siki nayo ina mtego huohuo. Ukiimwaga kwenye nywele ambazo sabuni haijasuuzika vizuri, unaivunja sabuni iliyobaki palepale kichwani. Hiyo nta unayoisema, kwa sehemu yaweza kuwa ndiyo hiyo.

Mkemia_Jikoni

Naunga mkono kila neno. Niongeze kwamba ngozi ya kichwa ina pH ya karibu 5.5, na unywele wenyewe hauna chaji ya ziada kwenye pH ya karibu 3.67. Kadiri unavyopanda juu ya hapo, unywele unajaa chaji hasi, nyuzi zinasukumana, magamba yananyanyuka na kitana kinakwama. Ndiyo maana naipima pH kabla sijauliza povu.

Sasa vyenyewe kwa vyenyewe. SCI, yaani sodiamu kokoili isethioneti, ndiyo ningeifanya uti wa mgongo wa mche wako. Kitoa povu cha jamii hii ndicho kilichobeba mche wa Dove ulipotoka Marekani miaka ya 1950, na sababu haijabadilika: povu zito kama malai, ngozi haikazi baada ya kuosha, na maji magumu hayaitengenezei utando. pH yake kwa kawaida haiko mbali na ya ngozi. Ubishi wake ni kwamba haiyeyuki kwa joto la jikoni hata uipike kutwa. Inalegea pale tu inapopata kimiminika, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya CAPB, kokamidopropili betaini, kitoa povu cha majimaji, kwenye mche. Kazi yake ya pili ni kupunguza ukali. Vitoa povu viwili vya aina tofauti vikikaa pamoja hushikamana katika mafungu makubwa zaidi, na chembe zinazobaki huru kupenya kwenye ngozi zinapungua.

Tazama sana unachonunua. Kuna SCI ambayo kitoa povu chenyewe ni kama asilimia 85 ya uzito, na kuna iliyochanganywa na asidi za mafuta ambayo ni kama asilimia 65. Ukichukua mapishi ya moja ukatumia nyingine bila kupiga hesabu upya, utapata mche mwingine kabisa. Na usikimbilie kuishusha pH hadi 4. SCI inakaa vizuri kati ya 5 na 7. Kwenye asidi kali inavunjika taratibu.

SLSa, yaani sodiamu laurili sulfoaseteti, imeonewa kwa jina. Watu wanaisoma wanaona SLS, yaani sodiamu laurili salfeti inayojulikana kwa ukali, wanakimbia. Ni molekuli nyingine, kubwa zaidi na laini zaidi kwa ngozi. Povu lake ni la mapovu makubwa na linawahi kuja hata kwenye maji ya kisima, jambo ambalo SCI peke yake hulichelewesha. Naiweka asilimia 10 hadi 20, si zaidi. Unga wake ni mwepesi kupita kiasi, unapeperuka kwa pumzi tu na unachoma pua na koo. Barakoa na miwani ya kinga ni lazima, na feni izimwe wakati wa kupima.

SCS, yaani sodiamu koko salfeti, ni kinyume chake, inasifiwa kwa jina. Inaitwa "ya nazi", na kweli inatokana na nazi, ila asidi ya lauriki ndiyo iliyojaa kwenye mafuta ya nazi, kwa hiyo sehemu kubwa ya SCS ni SLS ileile. Kwa nywele kavu nchani na kichwa chenye mba nisingeianza.

SingaFupi

Mkemia, kwenye SCS natofautiana nawe kidogo. Nywele zangu ni za singa, fupi, na siku ya pili tu zimeloa mafuta. Mche wa SCI nilioanza nao, wenye siagi na asidi ya steariki nyingi, uliniacha nywele zimelala kama hazijaoshwa. Sasa naweka SCI asilimia 40, SCS asilimia 15 na CAPB asilimia 15, mafuta kidogo sana, na kichwa hakiwashi hata chembe. Kukihukumu kitoa povu kwa jina lake bila kutazama kimekaa na nani si haki.

Mkemia_Jikoni

Hapo umenishika, mkuu, na hesabu yako ni nzuri. Betaini hiyo ndiyo inayoilainisha SCS. Nasimama palepale kwa Zuhura kwa sababu ya hali ya nywele zake, ila kwa kichwa cha mafuta siwezi kukupinga.

Kipilipili_Asilia

Dada Zuhura, tafadhali usirudie kosa nililolifanya. Nywele zangu ni za kipilipili, kavu, na nilidhani dawa ya ukavu ni mafuta. Mche wangu wa kwanza niliutia siagi ya shea asilimia 15. Ulikuwa laini kama mkate uliolowa, povu hakuna, na nywele zilibaki kavu vilevile maana mafuta mengi yaliondoka na maji ya kusuuza. Mafuta ndani ya shampuu yanapigana na povu. Yasizidi asilimia 5 au 6.

Kilichonisaidia ni BTMS, kilainisha nywele cha kwenye kondishena, asilimia 3. Ina chaji chanya, hivyo inaufuata unywele na kubaki hapo. Kitaalamu haipatani sana na vitoa povu vyenye chaji hasi na ukizidisha povu linakufa, lakini kwa kiasi kidogo nimeona tofauti ninapofumua. Setili alkoholi nayo inaupa mche ugumu bila kuufanya uwe wa nta.

Na namna ya kuosha ina uzito wake. Usiusugue mche juu ya nywele ndefu, utazisokota. Toa povu mikononi, lipake kwenye ngozi ya kichwa, nchani waachie maji yanayoteremka.

Ngozi_Nyepesi

Jamani CAPB inatajwa kama haina madhara kwa mtu yeyote. Mimi iliniwasha kope na shingo kwa miezi kabla sijajua ni yenyewe. Mwaka 2004 ilitangazwa na chama cha madaktari wa mizio ya ngozi cha Marekani kuwa kizio cha mwaka, na lawama kubwa iko kwenye mabaki ya utengenezaji wake, kwa hiyo iliyosafishwa vizuri inavumilika kwa wengi. Nilihamia desili glukosidi, kitoa povu kingine laini. Nayo si malaika, maana jamii yake ilipewa jina hilohilo mwaka 2017. Kwangu imekubali. Mjue tu kwamba inakuja na pH ya juu sana, karibu 11 au 12, kwa hiyo ukiiweka mahali pa CAPB lazima urekebishe kwa asidi ya sitiriki na upime tena.

Kila mmoja apake povu kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, asuuze, asubiri siku mbili, ndipo aweke kichwani.

Zuhura_N

Nimewaelewa, na nimejaribu. Gramu 200 kwa jumla: SCI gramu 110, SLSa 20, CAPB 30, setili alkoholi 12, mafuta ya kakao 8, asidi ya steariki 8, panthenoli 4, protini ya shayiri iliyovunjwa 4, kihifadhi 2, mafuta ya mkaratusi 2. Nilipima pH kwa kuyeyusha gramu 1 ya mche kwenye gramu 9 za maji yaliyotoneshwa, karatasi ikaonyesha karibu 6.

Povu ni zuri ajabu. Tatizo ni kwamba mche una chembechembe nyeupe ngumu kama mchanga, na ulipokauka siku ya tatu ukameguka ukingoni. Niliyeyusha mafuta kwanza, kisha nikamimina SCI na SLSa, mwisho CAPB.

FundiKalibu

Mpangilio ndio uliokuangusha. Mafuta yamezivika chembe za SCI koti kabla hazijapata kimiminika, kwa hiyo hazikulegea. Anza na SCI na CAPB pekee, bakuli likae juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ulifunike, na ukoroge kila baada ya dakika chache. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Ukiona umepata ujiujiuji mzito unaovutika kama ugali laini, usio na punje unapousugua kwa vidole vyenye glavu, ndipo utie SLSa, halafu mafuta uliyoyayeyusha pembeni. Panthenoli, protini na kihifadhi subiri joto lishuke chini ya nyuzi 45 za Selisiasi.

Huo wa sasa usiutupe. Uparuze, ongeza CAPB gramu 5, upashe upya, ukandamize kwenye kalibu kwa nguvu zako zote. Upepo uliobaki ndani ndio unaomegua kingo. Hauhitaji wiki nne za kukomaa kama sabuni, siku tatu hadi saba za kukauka zinatosha.

Ngozi_Nyepesi

Ukipasha upya, rudisha kihifadhi kipimo kidogo ukizingatia kikomo cha mtengenezaji, hasa kwa kuwa umetia protini. Mche unaokaa bafuni unalowa kila siku. Na kwa kichwa chenye mba, mafuta ya mkaratusi yaache kabisa, hayakusaidii kitu hapo.

Zuhura_N

Nimerudi baada ya wiki tatu. Niliupasha upya kama FundiKalibu alivyoelekeza, punje zikaisha, mche umeshikamana. Nimeosha mara sita. Safari mbili za kwanza kitana kiliendelea kutoa ule utando, nikakaribia kukata tamaa, kumbe ulikuwa wa sabuni ya zamani unaondoka. Kuanzia ya tatu kimetoka kisafi, na nywele zikikauka zinaachana zenyewe. Maji ni yaleyale ya kisima. Mba haujaisha, ila kuwashwa kumepungua.

Nchani bado pakavu. Awamu ijayo naacha mkaratusi na kuziongezea gramu zake 2 kwenye SCI. Kwenye mafuta ya kakao napunguza gramu 4 niweke BTMS gramu 4, mengine yote nayaacha yalivyo ili nijue ni nini kimebadilisha nini. Mche nimeuweka kwenye kisahani chenye matundu, mbali na bomba.