Familia ya Ndosho: karti ya Trésor inakataa kona

Trésor: Jambo yenu familia 🙏 Jana tulifikisha karti yetu, ile kagari kadogo tulijitengenezea na motere ya moto (pikipiki), ku malava ya volkeno Nyiragongo ya 2021, hapa Goma ngambo ya Buhene. Kupanda inapanda muzuri sana, shida ni kona. Unazungusha volani mpaka mwisho na yenyewe inaendelea tu mbele, magurudumu ya mbele yanateleza juu ya ile michanga nyeusi. Mi naona inakosa nguvu. Kuko mutu mu Majengo anauzisha motere ya Boxer 150, tungetoa hii ya 100 tuweke ile. Tonton Jules unasemaje?

Mama Trésor: Hata hii ya 100 sijaizoea bado Trésor.

Fiston: 150!!! 🔥🔥🔥

Tonton Jules: Apana mwana yangu, motere haina kosa. Sikiliza muzuri. Ekseli ya nyuma tuliifanya moja nzima, gurudumu mbili zinazunguka pamoja sawasawa. Mu kona gurudumu ya ndani inapita njia fupi na ya inje inapita njia ndefu, sasa vile zote zimefungwa ku ekseli moja hakuna yenye inakubali kubakia nyuma, zote mbili zinasukuma shasi mbele. Tena weye umekaa nyuma, motere iko nyuma yako, uzito yote iko nyuma, mbele kumebakia kwepesi hakuna kitu inashika chini. Ukiongeza nguvu unaongeza kusukuma. Utaingia mu mawe, haraka kuliko jana.

Fiston: Basi tukate ekseli Tonton, sheni ivute gurudumu moja na ile ingine izunguke yenyewe. Nimeona bantu banafanya vile

Tonton Jules: Itageuka, ndiyo, lakini hii njia yetu unaijua. Gurudumu yenye inavuta ikinyanyuka juu ya jiwe ama ikiingia mu matope, yote inasimama palepale, inazungusha hewa. Ekseli nzima njo inatupandisha, tuiache. Zile moto za magurudumu tatu zinabeba simenti ziko na diferansieli nyuma, ile inaacha gurudumu mbili zizunguke mbio tofauti, na hata kurudi nyuma zinarudi, mi nazipenda sana, lakini ile ekseli iko nzito na bei yake si ya leo.

Papa Merveille: Jambo ba jirani. Bwana Jules unikubalie niingie hapo. Siye tunachonga ma chukudu, zile za mbao za magurudumu mbili za kubeba muzigo, tunajua hiyo maneno ya uzito. Mutu akipakia gunia za makala zote nyuma kabisa, gidoni inakuwa nyepesi, haisikii tena mukono, ku muteremuko njo atajua. Tunamuambia sogeza muzigo mbele kidogo. Ile kiti ya Trésor iko nyuma sana, niliiona ikipita hapa.

Tonton Jules: Kabisa Papa Merveille, aksanti. Trésor, kazi ya kwanza njo hiyo, kiti iende mbele sentimita 15 ama 20, kama miguu yako itakuwa bado na fasi. Halafu ya pili iko kubwa zaidi. Ile chuma yenye fize ya mbele (ile inashika gurudumu) inazungukia, ile pivo, muliisudire (mulichomelea) wima kabisa. Inafaa kichwa yake ilale nyuma, tuseme digri 10 hivi. Ukizungusha volani, ile kulala inasukuma chini gurudumu ya mbele ya ndani, shasi inanyanyuka ngambo ile, na gurudumu ya nyuma ya ndani inapunguziwa uzito, njo inakubali kuteleza kidogo. Karti za mashindano hazina diferansieli hata moja na zinakata kona vile unaona, siri ni ile. Na pivo ikilala vile volani inarudi yenyewe katikati ukitoka mu kona, haitatangatanga tena.

Trésor: Kumbe!! Basi njo sababu volani ilikuwa inacheza kwenye njia yenye kunyooka

Tonton Jules: Njo ile. Ya tatu chukua kamba. Ifunge katikati ya ekseli ya nyuma, ivute mpaka ku pivo ya mbele ya kushoto. Ile mukono ya direksio inatoka ku fize ikirudi nyuma, inafaa ilale kwa kufuata ile kamba. Fanya na kuume pia. Vile gurudumu ya ndani itageuka zaidi kuliko ya inje, juu yenyewe njo inazunguka duara ndogo. Ya kwako zote zinageuka sawasawa, zinagombana.

Yaya Aline: Mbele ya kusudire tena niulize, ni tibe (bomba) gani munatumia?

Trésor: Zile za maji Yaya, zenye kungaa

Yaya Aline: Galvanize. Trésor ile kungaa ni zinki, ukiichoma inatoa moshi nyeupe, na ukiivuta ile moshi usiku unapata homa, baridi, kifua inakaza, mutu anafikiri ni malaria anameza dawa ya bure. Tafazali

Tonton Jules: Ni kweli kabisa. Pitisha diskezi (mashini ya kusaga chuma) mpaka uone chuma yenyewe, ngambo mbili za kiungo, na usudire inje fasi upepo inapita, siyo ndani ya parsele na mulango imefungwa. Na sudire yenyewe inashika muzuri zaidi bila zinki. Kwa pivo mi nitaleta tibe nyeusi nene, fasi ile siamini tibe ya maji.

Mama Trésor: Na freni? Mbona hakuna mutu anasema freni

Tonton Jules: Mama Trésor nilikuwa nafika. Sasa hivi iko na ile freni ndogo ya moto ku ngambo ya pinyo (gurudumu ya meno ya sheni) ya motere, yaani freni inapitia ku sheni. Sheni ikikatika ama ikitoka, freni nayo imekwenda, hakuna kitu. Na kwenye malava sheni inatoka, vijiwe vinaingia mu pinyo. Inafaa diski ya freni isudiriwe ku ekseli yenyewe. Vile ekseli iko moja nzima, diski moja inasimamisha gurudumu zote mbili. Hiyo njo faida ya ekseli nzima. Diski ya mbele ya moto ya Apache na pompa yake, tunaifanya ya muguu.

Mama Trésor: Basi mpaka hiyo diski iwekwe karti haitoki.

Koko: Naunga mukono.

Trésor: Sawa Mama. Sawa Koko. Lakini Tonton 150 tumeifuta kabisa?

Tonton Jules: Hesabu na mi. Gurudumu ya Boxer iko karibu sentimita 60 toka chini mpaka juu. Hizi za bruweti (toroli) zenye muliweka ziko 40 hivi. Motere ikizunguka sawa na mu moto, karti inaenda theluti mbili ya mbio ya moto, lakini kuvuta imeongezeka na nusu yake. Fasi moto ingeenda kilometa 60 kwa saa weye unaenda 40, na unapanda na nguvu. Mu malava 40 ukiwa umekaa sentimita chache toka chini ni mbio kubwa sana. Na hizo za bruweti zilifanyiwa kusukumwa na mutu, nazo tutazibadilisha siku moja.

Tonton Jules: Na kama unasikia inakohoa ama inatoa moshi nyeusi, angalia kabirateri. Goma tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, hewa iko nyepesi, esanse inakuwa nyingi kuliko hewa. Jikleri (kile kitundu cha kupitisha esanse) ndogo kidogo na filtri safi, utashangaa. Filtri uisafishe kila ukirudi, ile vumbi ya lava inakwaruza silinda. Halafu motere hii inapozwa na upepo, na pale nyuma ya kiti upepo haifiki. Tukunje kipande cha bati kiwe kama mudomo kando ya kiti, kipeleke upepo ku silinda.

Fiston: Mi niko na mukanda ya gari, tuweke?

Tonton Jules: Mukanda bila chuma juu ya kichwa APANA. Ikipinduka itakushikilia chini yake. Vyote viwili pamoja, ama usiweke hata kimoja. Kwanza chuma, mbele na nyuma ya kiti, zipite juu ya kaske (kofia ngumu), halafu mukanda.

Trésor: Compris Tonton. Tukimaliza yote tunawaza kwenda kuijaribu ngambo ya Bulengo, karibu na Lac Vert, kuko vishimo vizuri vya kushuka na kupanda, hakuna moto zinapita

Yaya Aline: HAPANA

Yaya Aline: Trésor kule ni kwa mazuku. Ile hewa inatoka chini ya udongo, iko nzito, haina harufu, inajaza vishimo, zaidi sana asubuhi na usiku wakati upepo hakuna. Mutu anasimama anapumua muzuri, mutoto ama mbuzi iko chini inakufa. Na weye mu karti pua yako iko wapi? Iko chini! Motere nayo itazimika mule kwa kukosa hewa, utashuka uisukume, na hautatoka. Na Fiston akikimbia kukusaidia tunapoteza mbili

Koko: Niliona mbuzi na ndege wamelala kwenye kishimo kimoja kule, hakuna hata kidonda. Hamuendi.

Fiston: 😳 sawa Koko

Trésor: Tumesikia. Tutabakia ngambo ya Buhene.

Papa Merveille: Na huko pia mubaki fasi ya wazi juu, musishuke mu mashimo.

Yaya Aline: Aksanti Papa Merveille 🙏 Ku ile diski mi natoa dola 15.

Mama Trésor: Mi 10. Baba yake ataongeza akirudi.

Tonton Jules: Bon. Trésor mu Birere kuko diski za okazio (zilizotumika), lakini usinunue bila kuizungusha. Iweke ku rulema (beringi), zungusha, chunga pembeni na kipande cha waya, kama inacheza imepinda, iache. Angalia na pompa kama haitoi mafuta. Niite mbele ya kulipa. Jumamosi leteni shasi ku garaje mapema, kuran ikikatika tutawasha jenereta.

Trésor: Kiti niitoe kabisa ama niiache?

Tonton Jules: Toa. Na ulete ile kamba.