Kinyume cha 5 ni -5 au ni 1/5? Dogo kanibana

mwana_wa_pwani
Wakuu za jioni. Nina dogo darasa la saba namsaidia hesabu, kwenye daftari mwalimu kaandika kinyume cha 5 ni -5, kurasa mbili mbele kinyume cha 5 ni 1/5. Dogo anauliza inakuaje namba moja ina vinyume viwili, nikamwambia ndo sheria ila naona hajaridhika na mimi mwenyewe sijaridhika. Halafu sifuri eti kwenye kuzidisha haina kinyume kabisa, kwa nini ibaguliwe?

tarakimu77
Usianze na kinyume mkuu, anza na namba isiyobadilisha kitu. Kwenye kujumlisha ni 0, 5+0 inabaki 5. Kwenye kuzidisha ni 1, 5x1 inabaki 5. Sasa kinyume ni ile namba inayokurudisha hapo kwenye namba isiyobadilisha kitu, kwa hiyo 5+(-5) unapata 0 na 5x1/5 unapata 1. Yani swali "kinyume cha 5 ni ngapi" halijakamilika, lazima useme kwa tendo gani.
Mpe 2/3 aigeuze iwe 3/2 afu azidishe aone 1 inatoka. Mpe na -4 maana hapo wengi wanajikwaa, wanaandika 1/4 wakati -4x1/4 ni -1, jibu ni -1/4, alama haiguswi.

bibi_hesabu
Na sifuri haijabaguliwa jamani. Tafuta namba yoyote ukizidisha kwa 0 upate 1. Haipo, kila utakayoleta inamezwa inakuwa 0, basi. Ndo sababu hatugawanyi kwa sifuri, maana kugawanya kwa namba ni sawa na kuzidisha kwa kinyume chake na hapa kinyume chenyewe hakipo.
Hili liliwasumbua hata wakubwa, Brahmagupta wa India mwaka 628 aliandika kanuni za sifuri na namba hasi, namba chanya akaziita mali na hasi akaziita madeni, kwamba mali na deni vikilingana ukivijumlisha unabaki na sifuri. Safi kabisa. Ila akasema pia 0 kugawanya kwa 0 ni 0, na hiyo leo hakuna anayeikubali.

muuza_spea
Niongezee kitu maana hii mada watu wanaiona ya watoto afu inawala hela kila siku. VAT ya 18%. Bei yenye VAT ndani ni 118,000, mtu anataka bei kabla ya VAT anatoa 18% anapata 96,760 na anaandika hivyo hivyo kwenye mahesabu!! Bei halisi ni 100,000. Kuongeza 18% ni kuzidisha kwa 1.18, ukitoa 18% umezidisha kwa 0.82, sasa 1.18x0.82 ni 0.9676, haijafika 1, kwa hiyo hivyo viwili sio vinyume. Kinyume cha kuzidisha kwa 1.18 ni kugawanya kwa 1.18. Na hii sio VAT tu, ukipandisha bei 25% afu ukashusha 25% hujarudi ulipokuwa, kurudi unashusha 20%.

mwana_wa_pwani
Aisee hii ya VAT imenigusa, asanteni wakuu. Dogo sasa kaja na kalkuleta, kapiga 1÷3 afu x3 imemletea 0.9999999, anasema basi 1/3 sio kinyume cha 3.

tarakimu77
Hahaha huyo dogo mtunze. Kalkuleta haijashika 1/3, imeshika 0.3333333 imekata hapo kwa sababu kioo kimeisha, na hiyo ukizidisha kwa 3 ni kweli unapata 0.9999999. Mwambie aache desimali, aandike 1/3x3 kwa kalamu kama sehemu. Halafu ajaribu 1÷8 afu x8, hiyo itarudi 1 kamili maana 0.125 inaisha.

bibi_hesabu
Akimaliza hapo muulize ni namba gani mbili ambazo kila moja ni kinyume cha yenyewe kwenye kuzidisha. Moja ataipata haraka, ya pili atahangaika kidogo.