Mazingira yafundishwe kwenye kila somo la sekondari, au yabaki Jiografia?

Mzazi wa Njombe
Waungwana, naona elimu ya mazingira isibaki mzigo wa Jiografia na Baiolojia peke yake. Kijana anayekariri madhara ya ukataji miti ili apate alama za mtihani, kisha siku ya kufunga shule akarusha chupa kupitia dirisha la basi, hajafundishwa chochote. Kemia, Hisabati na hata Kiswahili vinaweza kusaidia, kwa maana walimu wa Jiografia wametuachia wakariri hodari.

Mwalimu wa Zamu
Ndugu mzazi, hilo la wakariri limeniuma, nami nalijibu kabla ya mengine. Darasani kwangu wamejaa hadi mlangoni, mada lazima ziishe kabla ya mtihani wa taifa, na mtihani wenyewe unataka hoja, hauulizi nani amepanda mti. Ukitaka niwatoe nje wakaone korongo lililochimbwa na maji ya mvua nyuma ya bweni, niongezee vipindi, usinibandike jina. Isitoshe, mifuko ya plastiki haikuondolewa na somo lolote bali na katazo la Serikali, mwaka 2019 au karibu na hapo.

Mhasibu Mstaafu
Ni Juni 1, 2019, Mwalimu. Tarehe nazo ni za kukariri. Ila nashangaa kwamba shule hizo hizo tunazotaka zihubiri mazingira bado zinapika maharage kwa kuni za lori, ilhali taasisi zenye watu zaidi ya 100 ziliagizwa ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024.

Mwalimu wa Zamu
Jikoni tumefikaje? Tulikuwa tukizungumzia mtaala.

Mpishi wa Bweni
Mmefika, basi msituseme kana kwamba hatusomi humu. Gesi tuliletewa, lakini mtungi ukiisha katikati ya muhula na fedha hakuna, tunarudi kwenye kuni, tena mbichi, zile ambazo ukizichochea upande mmoja, upande wa pili zinatoa maji na povu, na moshi unatutoa machozi hadi wali uive.

Mwalimu wa Kemia
Mama, povu hilo ni kipindi changu kizima. Sehemu ya joto la kuni mbichi huishia kuyageuza maji yake kuwa mvuke, moto unapoa, mwako haukamiliki, na hapo ndipo unapopata moshi mzito na kaboni monoksaidi. Mwenzangu wa Hisabati angepima kuni mbichi za wiki moja na kavu za wiki nyingine, wanafunzi wakakokotoa tofauti. Hatuhitaji mada mpya hata moja.

Mhasibu Mstaafu
Na gesi atalipa nani? Tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne katika shule za serikali mwaka 2016, mzazi akisikia mchango hupotea.

Mzazi wa Njombe
Nani amepotea, mzee wangu? Tunakataa michango isiyo na hesabu. Leteni kwenye kikao gharama ya kuni na ya gesi kwa muhula mmoja, hata ikiwa imekokotolewa na kidato cha pili, tutaijadili.

Mpishi wa Bweni
Wanaokuja na mizani waje saa kumi alfajiri kabla sijawasha moto, maana uji haungoji kengele ya kipindi.