Babu alitoka "Kera, Cutch". Tukifika India tuanzie ofisi gani?

Binti Malindi: Wakuu, habari zenu. Babu mzaa mama aliingia Unguja kwa jahazi akiwa kijana, na hakurudi tena kwao. Mama sasa ana miaka 74 na anatamani sana kupaona. Tulichonacho ni karatasi moja iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika, imeandikwa kwa wino "Kera, Cutch". Wakala wa tiketi alisoma Kera akadhani ni Kerala, nusura atukatie tiketi ya Kochi! Hii Cutch, siku hizi huandikwa Kutch, ni mji, wilaya au jimbo? Na kumbukumbu za kijiji anatunza nani?

Mpimaji: Pole dada, Kerala ni kusini kabisa, huko mngepotea. Kutch ni wilaya ya jimbo la Gujarat, magharibi, mpakani na Pakistan. Karatasi haitaji Gujarat kwa sababu enzi za babu Kutch ilikuwa na mtawala wake. Utawala wake ulikabidhiwa kwa serikali ya India 1948, na jimbo la Gujarat likaundwa 1960.

Wilaya iko chini ya Collector, yaani mkuu wa wilaya, ofisi yake iko mjini Bhuj. Chini yake kuna taluka 10, yaani sehemu ndogo za wilaya: Bhuj, Mandvi, Mundra, Anjar, Gandhidham, Bhachau, Rapar, Nakhatrana, Abdasa na Lakhpat. Kila taluka ina mamlatdar, ofisa wa serikali anayeisimamia. Kijijini kuna sarpanch, kiongozi wa kijiji, huyo huchaguliwa, halafu kuna talati, karani wa serikali anayeshika daftari za ardhi. Wenu ni talati. Shika sana jina la taluka, maana majina ya vijiji hujirudia. Kera iko taluka ya Bhuj, kilomita 20 na kitu kusini mwa mji.

Nahodha61: Msiende mkidhani ni padogo. Kutch ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India, zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 2,092,371, yaani 46 tu kwa kilomita ya mraba, wakati India nzima ilikuwa 382. Unguja na Pemba kwa sensa ya 2022 tuko 1,889,773, na visiwa vyetu havifiki hata kilomita za mraba 3,000! Sababu ni Rann, uwanda wa chumvi usiokalika, unaofunikwa na maji wakati wa mvua. Watu wamejazana Bhuj, Anjar na Gandhidham, mji uliojengwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kisindhi waliotoka Pakistan baada ya India kugawanywa 1947.

Binti Malindi: Ahsanteni mno. Nimesikia kulikuwa na tetemeko. Je, kijiji bado kipo?

Mama Wawili: Kipo mwanangu. Tetemeko la Januari 26, 2001 liliumiza vibaya Bhuj, Bhachau, Anjar na Rapar, na nyumba nyingi mtakazoziona ni za baada ya hapo. Kwa hiyo usitafute nyumba, tafuta watu. Nenda na jina la babu, la baba yake na la ukoo. Mama akiwa bado na Kikutchi, mwache aongee yeye, wazee watamfungukia kuliko wewe na Kiingereza chako. Piga na picha ya karatasi kabla haijachanika.

Binti Malindi: Picha nimepiga. Kwenye daftari nimeandika: Kera, taluka Bhuj, wilaya Kutch, jimbo Gujarat. Mama amenitaka nimsomee mara mbili.