Mjadala: Orodha ya msaada wa dharura ishikwe na nani, LC1 (baraza la kijiji hapa Uganda) au Kampala (serikali kuu)?

Mwanzisha mada, Busia
Ndugu, tuliongee hili kabla ugonjwa mwingine haujatufungia milango. Eneo likiwekwa lokdauni, nani aandike majina ya watakaosaidiwa?

Aprili 2020, chakula cha korona kilianzia Bwaise, mtaa wa Kampala: kila mtu unga wa mahindi kilo 6, maharage kilo 3, na chumvi. Kilipangiwa Kampala na Wakiso. Sisi wa mpakani tulikiona kwenye televisheni. Mwaka 2021 wakageuza, wakatuma shilingi 100,000 kwa simu kwa watu wa mijini waliokosa kazi. Afadhali pesa kuliko magunia. Lakini ilitaka kitambulisho cha taifa na laini yenye jina lako. Mama anayefulia watu nguo, laini yake iko kwa jina la shemeji. Basi maskini akawa shemeji.

Mimi nasema pesa itoke Kampala, majina yatoke kijijini, na yasomwe mkutanoni kila mtu akisikia. Mwenyekiti wa LC1 anajua nyumba ambayo jiko halijawaka tangu jana. Afisa wa wizara atajulia wapi?

Mpangaji, Kisenyi
Anajua ya mpwa wake. Mimi nakaa muzigo, chumba kimoja, na 2021 nilipomfuata mwenyekiti wa kwetu aniandike, aliniuliza kwanza nilijiandikisha kupiga kura wapi. Nikajua nimekosa.

Mhudumu wa afya wa kijiji, Mubende
Mnaongea kana kwamba chakula ni sadaka. Oktoba 15, 2022 serikali ilitufunga sisi na wilaya jirani ya Kassanda siku 21, kisha wakaongeza. Ile Ebola ya aina ya Sudan haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Kilichobaki ni kumfuatilia kila aliyemgusa mgonjwa, kila siku, mpaka siku 21 ziishe. Sasa mwambie mtu akae ndani muda wote huo na maharage yake yanaozea shambani. Mbele yako ataitikia, usiku atapita porini. Wapo waliotoka Kassanda wakafika Kampala, na ugonjwa ukafika nao. Chakula kikichelewa, kazi yetu ya ufuatiliaji imekufa.

Ila kusoma majina hadharani, hapana. Nyumba ikitajwa kwamba inalishwa kwa sababu ya Ebola, nani atanunua tena nyanya zao?

Mwanzisha mada, Busia
Dada, hizo ni orodha mbili. Ya karantini ibaki kwenu, wahudumu wa afya. Ya waliokatiwa riziki na lokdauni, hiyo ndiyo isomwe, maana ndiyo inayoibiwa.

Mzee, Arua
Isomwe kwenye mkutano gani, vijana wangu? Mikutano si ndiyo kitu cha kwanza kupigwa marufuku? Mwaka 2020 Rais aliwakataza wanasiasa kugawa chakula, kwamba wanakusanya watu, na mbunge Francis Zaake akakamatwa Aprili mwaka huohuo kwa madai ya kugawa. Orodha iandikwe sasa, hakuna ugonjwa, na irudiwe kila mwaka.

Halafu huyo mwenyekiti mnayemtwika kila kitu, posho yake ya serikali ilikuwa shilingi 120,000. Kwa mwaka! Ndiyo maana hata barua ya LC tunailipia. Mwenye njaa mnampa ufunguo wa ghala, kisha mnashangaa.

Mpangaji, Kisenyi
Mzee, orodha ya mwaka jana haimjui aliyehamia Machi. Sisi kodi ikipanda tu tunafunga godoro.

Mwanzisha mada, Busia
Basi aliyehamia aje na mwenye nyumba pamoja na majirani wawili. Mwenyekiti akimkataa, aandike sababu na atie sahihi.

Mpangaji, Kisenyi
Mwenye nyumba? Huyu anayenidai miezi miwili ndiye anidhamini?