Khati ya Kiarabu kwa anayeanza: kwa nini alifu zangu hazilingani?

Mwanagenzi:
Assalaam aleikum. Nimekuwa nikijifundisha khati kwa miezi miwili, tangu nilipotazama aya zilizochongwa juu ya milango ya Mji Mkongwe, Unguja. Ninatumia kalamu ya dukani yenye ncha pana na kunakili thuluthi, mtindo mmoja wa khati, kutoka kwenye picha. Herufi moja moja hupendeza, lakini katika mstari mzima alifu moja huwa ndefu na nyingine fupi, na wino hutapakaa ukingoni. Je, nianze na khati ipi, na kalamu ya tete ni lazima?

Mwenye Wino:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Alifu zako hazilingani kwa sababu unazikadiria kwa jicho, ilhali khati hupimwa kwa nukta. Iweke ncha karatasini, ivute kidogo kwa kadiri ya upana wake, nawe utapata nukta ya pembe nne. Zipange nukta hizo kwa kwenda juu, pembe ikigusa pembe, na hapo ndipo kimo cha alifu kinapopatikana: kwa kawaida nukta 7 katika thuluthi, 5 katika naskhi na 3 katika rika, ambazo nazo ni mitindo ya khati. Kipimo hiki hunasibishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Kwa kuwa nukta hutoka katika ncha ile ile unayoandikia, usibadilishe kalamu katikati ya zoezi. Thuluthi iache kwanza, ushike naskhi. Mimi niliikimbilia thuluthi kwa tamaa ya uzuri wake, nikapoteza karibu mwaka mzima.

Binti wa Pwani:
Tete si lazima, ila itakufundisha mengi. Chagua lililokauka vizuri, lipasue kidogo katikati ya ncha ili wino ushuke, kisha ukate ncha kwa mshazari juu ya kitu kigumu, kwa pigo moja la kisu. Ukikata kwa kusugua, ncha hubaki na nyuzinyuzi, nazo huchafua ukingo wa herufi. Ndani ya kidau cha wino tia nyuzi kidogo za hariri, ili kalamu inyonye wino kwa kiasi badala ya kuzama. Karatasi ya daftari nayo hunywa wino. Tafuta iliyo laini na yenye kung'aa.

Msomaji wa Siyu:
Naomba nitofautiane kidogo na ndugu Mwenye Wino. Katika mapokeo ya Waturuki mwanafunzi huanza na thuluthi na naskhi kwa pamoja, na somo lake la kwanza ni dua ya "Rabbi yassir wala tuassir", yaani Mola wangu, fanya wepesi wala usifanye ugumu. Thuluthi haina kosa. Lililokukwamisha ni kunakili picha bila mwalimu wa kuitia alama herufi iliyopotoka. Ukimpata maalim wa kukusahihisha, hata mara moja kwa wiki, endelea nayo. Vilevile zitazame picha za misahafu ya kale iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, uone jinsi mkono wa kwetu ulivyoandika.

Mwanagenzi:
Nimewashukuru sana. Jana usiku nilipima mstari wangu kwa nukta: alifu ya kwanza ilikuwa na 7, ya tatu 6, na ya mwisho 8 na nusu. Nitashika naskhi hadi nimpate maalim, na leo ninaandika alifu peke yake, ukurasa mzima.